Ndugu wa Tumbo Moja

Katika daftari la kwanza neno simfoni halimo.
Mna hesabu ya chumvi, mapipa thelathini na mawili,
na pembeni, kwa kalamu ya risasi:
Alhamisi, baada ya kengele ya pili. Kila mtu na kiti chake.

Wakaja. Banda la chumvi la kiwanda cha nyama,
Puerto Almirón, ukingoni mwa mto Uruguay,
mwaka ule nyama yetu ya kopo ililisha majeshi ya watu wengine.
Ottmar Kiesling, karani wa mizani, na chelo aliyoivusha bahari
ndani ya blanketi la marehemu mkewe.
Ambrosio Etchart, Mbaski, mchuna ngozi,
mikono yake ikinuka damu hata Jumapili,
ila akiishika fidla ungedhani anabembeleza mtoto mwenye homa.
Wasichana wawili wa kubandika lebo, filimbi moja,
wakipokezana.

Nyuzi hawakununua.
Usiku Etchart aliingia chumba cha matumbo,
akachagua utumbo wa kondoo, mwembamba, mrefu,
akauosha, akaukwangua, akausokota, akauanika
kwenye kamba ya nguo ya mama mwenye nyumba,
aliyenuna wiki nzima.
Ndiyo maana hapa kwetu mpiga fidla na mpiga besi
huitana ndugu wa tumbo moja.
Tumbo la kondoo, lakini tumbo.

Uma wa kupimia sauti hawakuwa nao.
Walikuwa na king'ora cha kiwanda, saa kumi na mbili jioni,
mlio mmoja juu ya mto hadi ng'ambo, Argentina,
na mbwa wakiuitikia.
Hiyo ikawa La yetu.
Chini ya La ya walimwengu, unene wa ukucha tu,
lakini chini.
Mpiga piano mgeni kutoka Montevideo alikataa kuketi.
"Mji mzima umelegea," alisema.
Wakamlegezea piano, uzi kwa uzi, usiku kucha,
naye akapiga amekunja uso
kama aliyelambishwa shubiri.

Kisha miaka ya buti.
Kanali alitaka gwaride lake lipambwe; akatuma lori.
Walipanda wote, na ala zao.
Uwanjani wakaketi, wakatazamana, wakapiga nota moja.
La.
Tena La. La kwa dakika kumi na moja,
kama watu wanaolinganisha nyuzi zisizokubali.
Kanali hakujua muziki, akangoja uanze.
Msaidizi wake alijua.
Zenón Vidarte, mpiga zumari, hakuonekana miaka mitatu.
Aliporudi hakuwa na meno ya mbele.
Akahamia ngoma.

Kiwanda kilifungwa Jumanne, bila hotuba.
King'ora kiliuzwa chuma chakavu pamoja na paa.
Alhamisi tukakutana, viti arobaini na kimoja,
tukashika ala, tukangoja, kwa mazoea,
kitu ambacho hakingekuja.
Saa kumi na mbili kamili, nje ya dirisha,
mbwa wa Leocadia Brum akainua shingo akalia.
Peke yake. Aliitikia asichokisikia.
Zenón akasema, "Haya, shikeni hiyo."

Mimi ni Delmira, mtunza nota.
Nafuta penseli za marehemu kwenye kurasa, si zote:
moja imeandikwa "polepole, Etchart anakohoa," nimeiacha.
Mbwa alikufa. Zenón akafuata.
La sasa twapeana kwa koo, mkubwa kwa mdogo,
na koo, kama ujuavyo, huzeeka.

Juzi kijana mpya wa fidla alitoa simu yenye kipimo cha sauti.
Ikamulika nyekundu. "Mnateremka," alisema,
"mko chini hata ya king'ora chenu."
Labda. Nani atatuonyesha king'ora?
Hakuna aliyemjibu. Mtu alivuta kiti.
Akakaa kidogo, akaitia simu mfukoni,
akaanza kuulegeza uzi wake,
na kile kitaa chekundu
kikawa kinawaka ndani ya kitambaa.